Uwanja Uliolambwa na Ng'ombe

Nimesikia chuo kimeagiza mashine ya kuchorea mistari ya uwanja, ya kusukuma kwa mikono, ina tangi na magurudumu manne. Hongereni. Sina ugomvi nayo. Ila ninyi vijana wawili mlioachiwa stoo ya michezo, siku mlipokuja kuniaga, mliniuliza huku mnabana vicheko kama ni kweli ng'ombe waliwahi kula uwanja. Nikawaambia nitaandika. Sasa niko nyumbani, mahindi nimeshapukuchua, sina mwanafunzi wa kumfokea, basi naandika. Habari za vyeo na mishahara siziweki humu. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu naingia mpaka natoka, na mshahara wake mnaujua kwa sababu sasa ni wenu.

Niliingia chuoni kama mfagizi wa madarasa. Chuo kilikuwa kipya, majengo matatu na vumbi, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Segese. Mtunza uwanja alikuwa Mzee Luhende, mtu mrefu aliyeumia mgongo, na kila akiinama alitaja majina ya babu zake mmoja mmoja mpaka anyooke. Siku moja alinikuta nafagia varanda, akasimama kuniangalia kwa muda mrefu hata nikaanza kuona aibu. "Wewe mama unafagia mstari ulionyooka," akasema. "Kesho njoo uwanjani." Usaili wangu ulikuwa huo tu.

Kesho yake nikaenda nimevaa viatu vyangu vya kanisani, maana nilidhani nimepata kazi ya maana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vua viatu."

Akanitembeza peku uwanja mzima, goli hadi goli, kisha upana, kisha mzunguko wote wa njia ya mbio. Mbigili ziliniingia mpaka nikaacha kuzihesabu. Kila nilipoguna alisimama, akaitoa ile mbigili kwa kucha, akachomeka kijiti pale nilipokanyaga ili tupalilie baadaye. "Mtoto wa watu akianguka hapa," akasema, "wewe uwe umeshaumia kabla yake." Nilirudi nyumbani nachechemea, mume wangu akadhani kuna mtu kanipiga, akataka kwenda kumtafuta.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na tabia zake. Debe la chokaa tulilitoboa kwa msumari, ukilitikisa sana linamwaga, ukilitikisa kidogo linagoma. Vigingi vya chuma viliishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na vya mbao vililiwa na mchwa, kwa hiyo kila msimu tulipima uwanja upya kuanzia kwenye kona ya jengo la kwanza. Kipimo chetu kilikuwa kamba ya katani ya mita hamsini, imefungwa vitambaa vyekundu kila baada ya mita kumi. Mzee Luhende aliitunza juu ya dari ya stoo, na alinieleza habari zake mara nyingi kuliko alivyonieleza habari za watoto wake. Kamba ya katani ikilowa hufupika. Huoni kwa macho, lakini hufupika. Ukipima nayo ikiwa imelowa utapata uwanja mdogo, na wewe utaapa kwamba umepima sawasawa.

Baadaye chuo kilinunua tepu ya chuma. Idara ya Ujenzi ikaiazima siku ileile, na tangu hapo ikawa ni sisi tunaoiazima kwao.

Sasa niwaambie kwa nini uwanja wetu hauna uzio, maana mnalaumu utawala bure. Uzio ulikuwepo, wa waya, na geti zuri lililopakwa rangi ya bluu. Timu zetu hazikupita getini hata siku moja. Kuna mtu alisema wageni fulani walifukia kitu pale chini, basi wachezaji wote wakawa wanaruka waya. Wageni nao wakiona wenyeji wanaruka, wakajua geti lina jambo, wakaruka pia. Mabinti wa netiboli waliacha vipande vya sketi kila mahali. Kila Jumatatu nilikuwa na koleo langu, naunga waya.

Nikaitisha kikao. Nikauliza nani kafukia, hakuna aliyejua. Kafukia nini, hakuna aliyejua. Nikachukua jembe, nikachimba pale getini mbele ya manahodha wote mpaka kiunoni. Nikatoa kizibo kimoja cha soda na mzizi. Nahodha wa mpira wa miguu akatikisa kichwa, akasema, "Unaona, Mama Kulwa? Kimehama." Nikawakatia mlango mwingine upande wa pili. Waliutumia wiki mbili, wakafungwa, nao ukawa na jambo. Waya ulipolala wote chini niliukunja nikauweka stoo. Toka siku hiyo timu zinaingilia popote zinapotaka, na tunafungwa vilevile.

Uwanja ukabaki wazi. Jirani yetu Ngassa, mfugaji, alikuwa anapitisha ng'ombe wake pembeni kila asubuhi kwenda kunywa maji lamboni. Nilimfuata nikamwomba asiwaingize kwenye mistari yangu, akaniambia mnyama hana haja na mstari. Na kweli, miaka yote hiyo hawakukanyaga hata mmoja.

Mzee Luhende alistaafu, nikabaki mwenyewe na daftari la stoo. Hapo ndipo nilipowajua wasomi. Yupo aliyeazima mkuki wa kurusha akaurudisha unanuka mishikaki. Yupo aliyesaini mpira mpya akarudisha wa zamani, akaniapia kwamba umezeeka ghafla. Nilijiwekea sheria moja: sisaini kitu ambacho sijakiona kwa macho na kukishika kwa mikono. Wakaniita Mama Kagua. Poa tu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, chuo kikapewa uenyeji wa michezo ya vyuo vya kanda. Haikuwahi kutokea. Na mwaka huohuo tulikuwa na Milembe.

Milembe alikuwa binti wa wakulima wa Runzewe, mwaka wa tatu ualimu, anakimbia mita mia nane. Kila asubuhi alinigongea nimfungulie stoo achukue viatu vya misumari, pea moja tuliyokuwa nayo ya saizi yake. Alikuwa haongei sana. Lakini wiki moja kabla ya michezo alikaa kwenye ngazi ya stoo, akawa anafunga kamba za viatu polepole.

"Mama Kulwa, mshindi wa kanda akikimbia chini ya dakika mbili na sekunde kumi na nne, anakwenda Dar kwenye michezo ya taifa."

"Nimesikia."

"Mimi sijawahi kuvuka Shinyanga mjini. Na mwakani nitakuwa nafundisha darasa la watoto mia na zaidi, sitakimbia tena isipokuwa kumfukuza mtoro. Ni sasa hivi tu."

Nikamwambia akimbie, uwanja niachie mimi. Maneno hayo nilisema kwa kinywa changu.

Chokaa nilizoea kununua Segese, kwa mfanyabiashara mmoja anayewauzia wachenjuaji wa dhahabu. Wiki ile wachenjuaji walikuwa wameibeba yote. Nikarudi mikono mitupu, nikapita banda la mradi wa mifugo wa chuo, nikaona mifuko miwili imeegemezwa ukutani, imeandikwa chokaa kwa herufi kubwa. Mwalimu wa mifugo alikuwa darasani. Sikumsubiri. Nilichungulia ndani, unga mweupe, una chembe kubwa kidogo kuliko nilivyozoea, nikasema huu ni wa daraja la juu. Alhamisi mchana nikachora uwanja wote, njia sita, kwa tepu ya Ujenzi, sentimita kwa sentimita. Mistari ilimetameta. Mwamuzi mkuu, baba mmoja wa kofia nyeupe, alipopita kukagua alisema, "Mama, mistari kama hii hata mijini sijaiona." Nikajibu kwamba ni uzoefu tu.

Ile mifuko ilikuwa imeandikwa chokaa kwa sababu zamani ilibeba chokaa. Mwalimu wa mifugo hatupi mfuko mzuri. Ndani alikuwa ameweka chumvi ya ng'ombe. Msiniulize kwa nini sikutambua. Nani anaonja mstari?

Usiku ikanyesha mvua ndogo. Ijumaa alfajiri nikatoka mapema kufurahia kazi yangu. Kwa mbali nikaona kitu cheusi kinazunguka uwanja taratibu. Nikasogea. Ni ng'ombe wa Ngassa, karibu wote, wameinamisha vichwa, kila mmoja na mstari wake, wanalamba huku wanatembea. Walipofika kwenye kona walipinda na kona. Hakuna aliyetoka kwenye njia yake. Fahali mmoja alikuwa amebaki peke yake kwenye mstari wa kumalizia, anaulamba kwa upana, hana haraka.

Ngassa amesimama katikati ya uwanja na fimbo yake.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mwangaluka. Ngassa, hii ni nini?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Wamenitoroka pale barabarani, wamekuja mbio. Nimeonja." Akanyoosha kidole chake nikione. "Umewaita mwenyewe."

Mbio zilikuwa zinaanza saa nne. Nikakimbilia Ujenzi kuchukua tepu niliyoirudisha jana yake, maana walisisitiza irudi siku ileile. Ofisi imefungwa. Fundi mkuu amekwenda msibani tangu usiku, ufunguo uko mfukoni mwake. Mwamuzi mwenye tepu yake amelala gesti Segese, atafika saa tatu na nusu. Nikaenda jikoni kwa wapishi nikaomba majivu, wakanipa madebe manane. Ngassa akasema majivu nayo ng'ombe wake wanayapenda. Nikamwambia akiwaacha wasogee hata hatua moja nitamchora yeye.

Ikabaki kamba ya katani. Alhamisi, kwa kiburi cha mistari yangu, niliiacha nje imetandazwa kwenye majani baada ya kuitumia kunyooshea mistari. Nilipoinyanyua ilikuwa baridi na ngumu. Niliihisi mkononi. Miaka yote ile ya kuhubiriwa na Mzee Luhende, nikajiambia huu ni umande tu. Nikachomeka vigingi, nikavuta, nikachora njia zote kwa majivu, mgongo unauma hata na mimi nikaanza kutaja babu zangu. Saa tatu na nusu mwamuzi alipofika, uwanja ulikuwa tayari. Akauliza mbona mistari imebadilika rangi. Nikamwambia ya kijivu haiumizi macho. Akaandika.

Milembe alikimbia saa tano. Mzunguko wa kwanza alikaa wa tatu. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya mwisho, akatoka nje akawapita wote kama wamesimama kununua kitu. Dakika mbili, sekunde kumi na mbili. Wakambeba juujuu. Mwalimu Mabula, kocha wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia mbele ya watu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Saa nane nikaenda kupima sehemu ya kuangukia mkuki. Kamba ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi, imekauka, imelainika. Nikaivuta kutoka kigingi kimoja cha asubuhi hadi kingine. Asubuhi iliishia kwenye kigingi. Sasa ilikipita kwa mita moja na nusu.

Nikaivuta tena. Ikapita tena. Mzunguko mmoja ni kamba nane, kwa hiyo mita kumi na mbili zimepungua. Mizunguko miwili, ishirini na nne. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Mtoto wa watu alikuwa ameshapiga simu Runzewe.

Nikamwita Mwalimu Mabula, nikamwonyesha. Aliiangalia kamba, akaangalia kigingi, akaangalia mbingu.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Mimi sijaona," akasema, akaondoka zake.

Nilitaka kunyamaza. Naliandika hili wazi ili msije mkaniita shujaa. Nilinyamaza tangu mkuki ulipoanza mpaka ulipoisha, na nilikuwa najiambia mabinti wote walikimbia uwanja uleule, nani kaonewa? Kisha mwamuzi mkuu akaja na fomu yake. Pale chini pameandikwa kwamba mtunza uwanja anathibitisha njia ya mbio ina mita mia nne kamili, na sehemu ya kusaini. Akanipa kalamu. Nikaishika kalamu ile mpaka akaniuliza kama sijui kuandika. "Kuandika najua," nikamwambia. "Lete tepu yako."

Ilikuwa mia tatu themanini na nane. Mbio zote za siku ile zikafutwa, zirudiwe Jumamosi. Vijana wa kupokezana vijiti, waliokuwa wameshavaa medali, walizirudisha mmoja mmoja mbele yangu bila kunisalimu. Mmoja akasema kwa sauti kwamba ng'ombe hawakulamba mistari peke yake, wamelamba na akili ya Mama Kulwa. Watu walicheka sana. Milembe hakucheka, wala hakuniangalia.

Jumamosi nilichora kwa tepu ya mwamuzi, yeye mwenyewe akiwa amenisimamia. Milembe aliongoza mpaka mita mia moja za mwisho, miguu ikawa mizito, akapitwa na binti wa chuo kingine. Dakika mbili, kumi na sita. Yule wa kwanza akapata muda uliotakiwa, akaenda Dar.

Jioni alikuja stoo kurudisha viatu. Akaviweka mezani.

"Andika vimerudi."

Nikaandika. Akabaki amesimama.

"Ungenyamaza ningekwenda."

"Ungekwenda," nikasema. "Na kule uwanja ni mia nne. Ungekuwa wa mwisho."

"Yaya, hapana, sikatai, ningekuwa wa mwisho," akasema. "Lakini ningekuwa nimefika, Mama."

Nilitafuta jibu palepale, nikalitafuta Jumapili kanisani padri akihubiri, na mpaka leo nimestaafu sijalipata. Kile nilichokuwa nacho ni kazi yangu. Fundi mkuu alikuwa amerudi kutoka msibani. Baada ya misa nikamtoa mezani kwake, akaenda kufungua ofisi huku anatafuna, nikachukua tepu, nikapima uwanja mzima peke yangu. Hakuna aliyenituma. Michezo ilikuwa imekwisha, wageni wameondoka, mahema yameng'olewa.

Jumatatu alfajiri Milembe akagonga kama kawaida. Nikampa viatu. Nikachukua na saa ya kupimia mbio, nikamfuata.

"Umepima?" akauliza.

"Jana. Kwa tepu ya chuma. Kuanzia hapa."

Akasimama kwenye mstari. Nikasema "tayari", nikashusha mkono. Hakuna mtu wa kumvuta wala wa kumfukuza, nasikia misumari ya viatu tu inavyochana ardhi. Mzunguko wa kwanza nikaona anakwenda kwa kasi mno, nikaogopa. Wa pili kwenye kona alianza kutikisa kichwa kama mtu anayekataa kitu, na hakupunguza. Akapita mstari, akaenda kuishia mbali, akarudi anatembea, mikono kiunoni.

"Ngapi?"

Nikamgeuzia saa. Akaisoma, akaifuta jasho lililodondokea kioo, akaisoma tena. Akakaa chini, akalia, na mimi nikakaa naye nikalia, watu wazima wawili asubuhi ile.

"Andika," akasema.

"Niandike wapi, mwanangu? Hakuna mwamuzi. Kanda hawawezi kuupokea muda huu."

"Popote."

Daftari la stoo ni la vifaa, halina safu ya kitu kama hicho. Basi naandika hapa. Milembe wa Runzewe, mita mia nane, dakika mbili na sekunde kumi na tatu. Uwanja ulikuwa na mita mia nne kamili. Nimepima mimi.